Neno Hukaa kwa Kuitwa

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa maneno ya Kiswahili. Wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, ambao hawakuwahi kujifunza lugha hii, walifundishwa jozi 40 za maneno: la kwanza la Kiswahili, la pili maana yake kwa Kiingereza. Mojawapo ya jozi hizo ilikuwa mashua na “boat”. Watafiti walikuwa wawili, Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Purdue na Henry Roediger wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Hawakuwa wakitafuta kueneza Kiswahili. Walihitaji lugha ngeni kwa vijana wao, lakini yenye maneno yanayoandikwa kwa herufi wanazozijua na yanayosomeka bila taabu. Kiswahili kilikuwa kimekwishaandaliwa kwa kazi hiyo, kwani mwaka 1994 wanasaikolojia Thomas Nelson na John Dunlosky walikuwa wamechapisha orodha ya jozi 100 za Kiswahili na Kiingereza pamoja na vipimo vya ugumu wa kila jozi.

Vijana wote walisoma orodha, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena, mpaka kila mmoja akawa amelikumbuka kila neno angalau mara moja. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata neno likishakumbukwa. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. La tatu halikuulizwa tena, ila liliendelea kulisoma. La nne liliachana nalo kabisa, kama mwanafunzi anayeweka alama ya tiki na kugeuza ukurasa.

Kabla ya kuondoka waliombwa kukisia watakumbuka maneno mangapi baada ya wiki moja. Makundi yote manne yalikisia karibu nusu. Wiki ilipopita, yale mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka kiasi cha asilimia 80 ya maneno. Mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka takriban theluthi moja. Kusoma zaidi hakukuongeza kitu: kundi la tatu, lililorudia kuyasoma maneno yote bila kuulizwa, lilikuwa karibu sawa na kundi la nne lililoyaacha. Na hakuna kundi lililokuwa limeihisi tofauti hiyo mapema. Waliojifunza vizuri na waliojifunza vibaya walitoka chumbani na imani ileile.

Matokeo hayo yanamhusu sana Mswahili anayejifunza Kiingereza, maana jozi zilezile anazisoma yeye kwa upande wa pili. Ukilifungua daftari la msamiati la mwanafunzi wa sekondari, Mwanza au Morogoro, utakuta safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Usiku wa kuamkia mtihani macho hushuka kutoka juu hadi chini, hurudi juu, hushuka tena. Kila mzunguko neno huonekana kuzoeleka zaidi, na kuzoeleka huko humdanganya mwenye daftari adhani amelijua. Angeziba safu ya kulia kwa kiganja na kujiuliza, angegundua papo hapo ni maneno mangapi hayapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba bidii ipo. Vijana hawa hawalali. Tatizo ni kwamba bidii yote imewekwa kwenye kuingiza neno, na hakuna iliyobaki ya kulitoa.

Wapo watu waliojifunza msamiati mkubwa wakiwa watu wazima kwa kulitoa neno mara nyingi. Mfano mmoja maarufu umetoka gerezani.

Malcolm Little, aliyekuja kujulikana kama Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, aliacha shule akiwa na miaka 15. Mwaka 1946 alihukumiwa kifungo huko Massachusetts kwa wizi wa kuvunja nyumba. Mwaka 1948 alihamishiwa Norfolk, gereza lililokuwa na shule, midahalo na maktaba kubwa. Alitaka kumwandikia barua Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, na akajikuta hawezi kuandika sentensi iliyonyooka. Mtaani alikuwa msemaji hodari. Kwenye karatasi alikuwa bubu. Alipochukua kitabu, karibu kila sentensi ilikuwa na maneno asiyoyajua, akawa anayaruka na mwisho hajui kitabu kimesema nini.

Katika tawasifu aliyoiandaa na mwandishi Alex Haley, iliyotoka mwaka 1965, anasimulia alichofanya. Aliomba kamusi, madaftari na penseli kutoka shule ya gereza. Siku mbili alifunuafunua tu kurasa, asijue aanzie wapi. Kisha akaanza kunakili ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, mpaka alama za uakifishaji. Anadhani ilimchukua siku nzima. Alipomaliza akajisomea kwa sauti yote aliyoyaandika, tena na tena. Asubuhi alipoamka akayafikiria yale maneno, na akarudia yale ambayo maana zake zilikuwa zimemtoka. Neno alilokuja kulikumbuka miaka mingi baadaye lilikuwa “aardvark”, yaani muhanga, mnyama wa Afrika anayechimba na kula mchwa, ambaye kamusi ilikuwa na picha yake. Akaendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa, hadi akanakili kamusi yote.

Kisa hiki husimuliwa sana katika semina za hamasa, na kwa kawaida hukatwa hapo. Wasikilizaji huondoka wakiamini kwamba siri ni kunakili kamusi. Lakini kunakili kulikuwa mwanzo tu. Tazama alichokifanya asubuhi: alijiuliza maneno bila kuyatazama, kisha akarudia yaliyopotea. Ndicho Karpicke na Roediger walichokuja kukipima miaka 60 baadaye. Na kilichofuata ni kikubwa zaidi. Msamiati ulipopanuka, vitabu vikafunguka, naye akavisoma kwa pupa: historia za Will Durant na H.G. Wells, maandiko ya W.E.B. Du Bois. Taa za gereza zilipozimwa saa nne usiku alikaa sakafuni karibu na mlango, akasoma kwa mwanga wa korido, na kila mlinzi alipopita aliruka kitandani na kujifanya amelala. Kisha ikaja midahalo ya wafungwa, ambako neno lilipaswa kupatikana mdomoni hapohapo, mbele ya watu, bila daftari.

Kwa hiyo neno moja lilipita kwake mara nyingi na kwa milango mingi: mkono ulioliandika, sikio lililolisikia, kumbukumbu ya asubuhi, kitabu kilicholileta tena bila kutarajiwa, ulimi uliolitumia kubishana. Miaka mingi baada ya kutoka gerezani, Oktoba 1964, alifika Dar es Salaam akakutana na Rais Julius Nyerere, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amechapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar. Wote wawili walikuwa wasemaji waliosikilizwa duniani kwa Kiingereza, na wote wawili walijulikana kwa Kiingereza chepesi. Yule aliyenakili kamusi nzima hakuhutubia kwa maneno ya kamusi. Alihutubia kwa maneno ambayo kinyozi wa mtaa wa Harlem, New York, aliyaelewa, na hilo linatupeleka kwenye swali ambalo wanafunzi wengi hulichelewesha: ni maneno yapi yanafaa kujifunzwa?

Kiingereza kina maneno mengi kupita kiasi. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, lina mabuku 20 na vidahizo karibu 290,000. Hakuna Mwingereza anayeyajua yote wala nusu yake. Wingi huo una historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa watawala na mahakama walitumia Kifaransa huku wakulima wakibaki na Kiingereza chao. Baadaye, katika karne ya 16 na 17, wasomi walichota Kilatini na Kiyunani bila kujizuia. Lugha ikabaki na tabaka tatu, na mara nyingi jambo moja lina neno katika kila tabaka. “Ask” ni la Kiingereza cha asili, “question” limepitia Kifaransa, “interrogate” ni la Kilatini. La kwanza ni la nyumbani, la pili limevaa koti, la tatu linanuka kituo cha polisi. Mswahili hana haja ya kushangaa, kwa sababu naye anajua kwamba kumuuliza mtu na kumhoji ni mambo mawili.

Anayesikia “msamiati wa juu” hudhani lazima apande hadi tabaka la juu kabisa. Hununua kitabu cha maneno magumu, akakutana na “perspicacious” na “sesquipedalian”, akayakariri, na kisha akakaa miaka kumi bila kukutana nayo kokote. Heri angejua kwamba hata watunga mitihani wameyapunguzia nafasi. Kwa miongo mingi mtihani wa SAT, unaotumiwa na vyuo vya Marekani kuchagua wanafunzi, ulikuwa maarufu kwa maneno ya nadra. Maswali yake ya ulinganifu wa maneno yaliondolewa mwaka 2005. Mwaka 2016 yaliondolewa pia maswali ya kujaza sentensi kwa maneno hayo, na badala yake mwanafunzi akaanza kuulizwa neno la kawaida lina maana gani ndani ya kifungu alichopewa. GRE, mtihani wa wanaotaka shahada za juu, uliacha maswali ya vinyume na ulinganifu mwaka 2011. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba ufadhili wa masomo bado huuziwa orodha za zamani. Wanalipia maarifa ya maswali yaliyokwisha kufa.

Na neno zito hata likitumika sawasawa halimpi mtu hadhi anayoitarajia. Mwaka 2006 Daniel Oppenheimer, wakati huo akiwa Princeton, alichapisha mfululizo wa majaribio ambamo maandishi yaleyale yalitolewa kwa namna mbili, moja ikiwa na maneno mepesi na nyingine ikiwa imebadilishiwa maneno marefu yasiyohitajika. Wasomaji waliwaona waandishi wa maneno marefu kuwa na akili pungufu kuliko wa maneno mepesi. Utafiti huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel ya fasihi mwaka huohuo, tuzo inayotolewa kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wanaoandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza wangefaa kubandika matokeo yake juu ya meza.

Maneno yenye faida kubwa kuliko yote yako katikati. Si “water” wala “house”, ambayo kila aliyemaliza darasa la saba anayajua, na si “sesquipedalian”. Ni yale ya kati yanayojitokeza katika kitabu cha jiografia, ripoti ya benki, hukumu ya mahakama na tahariri ya gazeti. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, aliyatafuta kwa hesabu. Alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5 kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi. Akaondoa maneno 2,000 ya msingi yaliyokuwa kwenye orodha ya Michael West ya mwaka 1953, kisha akaangalia ni yapi yaliyobaki yanayorudi katika taaluma zote. Alipata familia za maneno 570. Familia maana yake ni neno na ndugu zake: “assess”, “assessment”, “reassess” huhesabiwa moja. Familia hizo 570 peke yake hubeba kiasi cha asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Katika hadithi za kubuni huwa hazifiki asilimia mbili.

Asilimia hizo zinaeleza jambo ambalo walimu wengi wameliona bila kulipatia jina. Mwanafunzi anaweza kuangalia filamu za Kimarekani kila Jumamosi, akazungumza Kiingereza cha mtaani kwa ufasaha, na bado akakwama kwenye kitabu cha biolojia. Katika filamu maneno hayo ni machache.

Tanzania ndiko jambo hili linakouma zaidi. Katika shule nyingi za umma mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza vitabu vyote, isipokuwa cha Kiswahili na masomo machache, hugeuka Kiingereza kwa mkupuo. Watu huhofia maneno kama “photosynthesis”. Kwa kweli hayo si ya kuhofiwa sana, maana mwalimu huyaandika ubaoni, huyaeleza, na yana maana moja tu. Yanayoangusha ni yale ambayo hakuna anayeyaeleza kwa sababu hayana somo: “assess”, “evaluate”, “illustrate”, “justify”, “interpret”, “derive”. Mwanafunzi anayeijua mada vizuri, akiambiwa “justify” na asijue kwamba anatakiwa kutoa sababu za kutetea hoja, ataeleza mada tangu mwanzo hadi mwisho na kupata alama chache. Msahihishaji ataandika kwamba hakuelewa somo. Somo alilielewa, hakulielewa swali. Kosa hilo linarekebishika, na kuliacha liendelee mwaka hadi mwaka ni kuwadhulumu watoto.

Ukisha kuchagua maneno ya kujifunza, bado kuna suala la kujua neno ni kujua nini. Daftari la safu mbili linadai kwamba kujua neno ni kujua neno jingine la Kiswahili linalolingana nalo. Kwa “boat” na mashua inatosha. Kwa maneno ya juu haitoshi hata kidogo. Kamusi ikikwambia “famous” ni mashuhuri na “notorious” ni mashuhuri, bila kuongeza kwamba la pili ni umashuhuri wa ubaya, utamsifu mwalimu wako hadharani kwa neno wanaloitwa majambazi. “Slim” na “skinny” yote ni wembamba, lakini la kwanza ni sifa na la pili ni kejeli.

Halafu kuna maneno yanayotembea pamoja. Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, na mgeni hana kanuni ya kumwongoza zaidi ya kusikia na kuzoea. Kiingereza kina mambo yake ya namna hiyo. Sisi tunatoa uamuzi, wao wana “make a decision”. Sisi tunafanya kosa la jinai, wao wana “commit a crime”. Sisi tunatega sikio au tunazingatia, wao wana “pay attention”. Mtu anayejifunza “decision”, “crime” na “attention” peke yake, bila vitenzi vyake, atalitambua neno akilisoma lakini akiandika ataliharibu. Ndiyo maana mistari ya daftari inapaswa kuwa sentensi.

Aliyelielewa hilo mapema alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani. A.S. Hornby alikwenda kufundisha Japani mwaka 1924, akaona kwamba kamusi zilizotungwa kwa ajili ya Waingereza haziwasaidii wanafunzi wake. Zilieleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi, na hazikuonyesha neno linatumikaje. Pamoja na wenzake wawili akatunga kamusi ya aina mpya, yenye mifano na miundo ya sentensi, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zilikuwa tayari vitani. Mwaka 1948 Oxford ikaitoa upya. Ndiyo mama wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi ambayo imechakaa katika maktaba za shule zetu kwa kufunguliwa na vizazi. Mwaka 1978 kampuni ya Longman ikaongeza hatua nyingine: fasili zote za kamusi yake ya wanafunzi ziliandikwa kwa maneno takriban 2,000 tu ya kawaida, ili anayetafuta neno moja asilazimike kutafuta mengine matano. Malcolm X hakuwa na kamusi za namna hiyo gerezani. Mwanafunzi wa leo anazo, nyingine bure kwenye simu, na kuzitumia ni bora kuliko tafsiri ya neno moja kwa neno moja. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ina kazi yake, ya kuthibitisha. Isiwe kituo cha mwisho.

Njia moja ya mkato ni ya kweli, mradi itumike kwa hadhari. Maneno mengi ya kitaaluma yamejengwa kwa vipande vya Kilatini na Kiyunani vinavyojirudia. Anayejua kwamba “spect” ni kutazama atayaunganisha “inspect”, “spectator”, “retrospect” na “prospect” katika ukoo mmoja. Anayejua “bene” ni wema na “mal” ni ubaya atayapata “benefit”, “benevolent”, “malnutrition” na “malpractice” kwa bei ya vipande viwili. Norman Lewis alijenga juu ya wazo hilo kitabu chake, Word Power Made Easy, cha mwaka 1949, ambacho kinachapishwa hadi leo. Msemaji wa Kiswahili ana faida ya kuzaliwa katika jambo hili. Amekua akijua, bila kufundishwa, kwamba soma, somo, msomi, masomo, usomaji na kusomesha vina shina moja. Jicho lake limezoea kuchambua neno.

Hadhari yenyewe ni hii: vipande hudanganya. “Pediatrician” ni daktari wa watoto kwa sababu kipande chake ni cha Kiyunani chenye maana ya mtoto. “Pedestrian” ni mtembea kwa miguu kwa sababu chake ni cha Kilatini chenye maana ya mguu. Sura moja, nasaba mbili. “Nice” lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya mjinga, na safari ya karne nyingi imelifikisha kwenye uzuri. Kwa hiyo vipande hivyo vitumike kulishika neno ambalo maana yake umekwishaithibitisha, visitumike kubahatisha.

Upo mtego mwingine, unaotokana na Kiswahili chenyewe. Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiingereza na kuyapa maisha mapya. Presha kwetu ni ugonjwa wa shinikizo la damu. Anayemwambia daktari wa London “I have pressure” atasubiriwa aeleze ni shinikizo la nini. Hoteli katika miji yetu mingi ni mahali pa kula wali na maharage. “Hotel” ni mahali pa kulala. Kampani ni kusindikizwa na rafiki, na “company” hubeba maana hiyo lakini mara nyingi zaidi ni shirika la biashara. Maneno haya ni magumu kuliko “perspicacious”, kwa sababu hakuna anayefungua kamusi kutafuta neno analodhani analijua.

Kisha kuna kusoma, na hapa hesabu inasaidia kuliko mawaidha. Paul Nation, aliyefundisha katika chuo kilekile cha Wellington, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, zinazomwezesha kujua asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Asilimia 98 maana yake ni neno moja geni katika kila 50, na hilo linaweza kukisiwa kutokana na mengine. Ukijua asilimia 80 tu, neno moja katika kila matano ni geni, na hapo hakuna cha kukisia. Ni kupapasa gizani, kama Malcolm kabla ya kamusi. Mwanafunzi anayelazimishwa kusoma riwaya iliyo mbali na uwezo wake hajifunzi msamiati, anajifunza kuchukia vitabu. Hadithi zilizorahisishwa hazipaswi kuonewa haya hata na mtu mzima mwenye kazi yake. Katika hizo neno hurudi mara nyingi kabla kitabu hakijaisha, na kila likirudi linakuja na wenzake sahihi.

Muda nao una kanuni. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau hutokea kwa kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba mazoezi yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, naye akiandika kwa Kijerumani, aligeuza maarifa hayo kuwa kisanduku chenye vyumba vitano. Kila neno huandikwa kwenye kadi, maana nyuma. Ukilikumbuka, kadi husogea chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra zaidi. Ukilisahau, hurudi chumba cha kwanza. Maneno magumu hukutana nawe kila siku, mepesi mara moja kwa wiki kadhaa. Programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Lakini makasha ya viatu na karatasi zilizokatwa kwa mkasi hufanya kazi ileile.

Tatizo ni kwamba njia hii ya kujiuliza haina raha. Kusoma orodha kunampa mtu hisia ya kusonga mbele. Kujiuliza kunamwonyesha kila dakika asichokijua. Wale vijana wa Karpicke na Roediger hawakuweza kutofautisha, na hakuna mwanafunzi atakayeweza kwa hisia peke yake. Hivyo ni kazi ya mwalimu kumwekea utaratibu, na kazi hiyo haihitaji kompyuta wala bajeti mpya. Orodha ya Coxhead inapatikana bure kwenye mtandao na inatosha kwenye karatasi chache. Kwa maneno 12 kila wiki, familia zote 570 zinamalizika katika wiki 48. Mwalimu wa kidato cha kwanza aandike ubaoni Jumatatu maneno hayo 12, kila moja ndani ya sentensi. Ijumaa afute ubao na kuyauliza. Wiki inayofuata aulize ya wiki iliyopita kabla ya kuleta mapya, na mwisho wa mwezi ayaulize ya mwezi mzima bila kutoa onyo. Na walimu wa jiografia, biolojia na historia wamsaidie kwa jambo moja: wanapotunga swali lenye “assess” au “justify”, wasimame dakika mbili kueleza linaagiza kufanya nini, kisha wiki ijayo wawaulize wanafunzi wenyewe.